Pingili Nne

Dereva wa lori la mchanga alisimamisha gari katikati ya mlima asubuhi ya Jumatatu kwa sababu barabara ilikuwa imejaa mikate. Alidhani boksi limeanguka kutoka gari lililotangulia, akashuka akicheka, akaokota mmoja. Ndipo alipoona gurudumu la baiskeli limeelekea juu, na chini yake, ndani ya mtaro wa zege, mtu amelala kifudifudi na mkono mmoja bado umeshika breki.

Mtu huyo mtaa mzima ulimwita Kiberenge, kwa sababu alipanda milima amebeba mzigo bila kushuka kusukuma. Alikuwa akipeleka mikate ya kiwanda kwenye maduka ya juu. Alikuwa anapumua, lakini alipoitwa hakuitika.

Sajenti wa kituo cha karibu alifika wakati mgonjwa ameshapelekwa hospitali. Alikuwa mtu mwenye mafua yasiyoisha, aliyefuta pua kwanza ndipo aulize swali. Alichuchumaa akaitazama baiskeli bila kuigusa. Kile kikono kinachoning'inia nyuma, kinachosogeza cheni kutoka gia moja hadi nyingine, kilikuwa kimeng'oka na kujisokota ndani ya spoki. Cheni ilikuwa imekaa kwenye gia kubwa ya mbele na gia kubwa kuliko zote za nyuma, imekazwa mpaka haibonyei. Aliuliza mara moja tu nani aliitengeneza mwisho. Watu wakamwambia ni Fundi, shemeji yake, aliyemfungia gia mpya za nyuma wiki iliyopita ili mlima usimtese. Kabla ya saa sita Fundi alikuwa mahabusu.

Mke wa Kiberenge, ambaye nyumbani kwao alizoea kuitwa Kitinda kwa kuwa ndiye aliyefunga mlango wa tumbo la mama yake, alipata habari zote mbili kwa pumzi moja: mumeo yuko hospitali, na kaka yako ndiye aliyemweka huko.

Alipofika wodini aliwakuta wakwe zake wamekaa kwenye benchi la ukumbi. Mama mkwe hakumwangalia. Baba mkwe, mzee aliyetumia ujana wake wote kusambaza maziwa kwa baiskeli nzito isiyo na gia, alikuwa akizungumza kwa sauti na kila muuguzi aliyepita.

"Mimi nilijua," alisema. "Cheni aliyomfungia ilikuwa inaning'inia kama kamba ya mbuzi. Mtu mzima unafungaje cheni iliyolegea vile?"

Mama mkwe ndipo akainua uso. Akasema polepole, kama anayesoma, kwamba aliyemweka mwanawe pale hatakaa naye chini ya paa moja maisha yake yote. Kila aliyekuwa kwenye benchi alimtazama Kitinda, naye akatazama miguu yake.  Daktari alikuwa amekwishawaambia kwamba kichwa kimevimba ndani na dawa yake ni kungoja.

Siku iliyofuata alimpelekea kaka yake chakula kituoni. Sajenti aliwaruhusu kuzungumza, ila yeye mwenyewe akiwepo. Fundi alikuwa mtu wa utani. Hata siku ile alimwambia dada yake kwamba humo ndani godoro ni zuri, tatizo limewahiwa na kunguni. Lakini mikono yake haikutulia. Ilikuwa inafunga na kufungua kitu kisichokuwepo.

Sajenti alisema cheni ni fupi. Ameipima mwenyewe akisaidiwa na fundi mwingine: imepungua pingili nne. Mtu akiweka gia kubwa nyuma na kubwa mbele, cheni inakosa pa kwenda, inakivuta kikono, kikono kinaingia kwenye spoki, gurudumu linasimama papo hapo na mwenye baiskeli anaendelea.

"Najua inavyokuwa," Fundi alisema. "Ndiyo maana hiyo ya zamani niliitupa. Gia ilipokuwa kubwa, cheni ya zamani isingetosha. Nilichukua mpya. Unaizungusha kubwa kwa kubwa bila kuipitisha kwenye kikono, unaona inapokutana, halafu unaongeza pingili mbili. Kubwa kwa kubwa, ongeza mbili. Hata nikiwa usingizini siwezi kukosea hapo."

"Ulijaribu?"

"Mbele yake. Nilizungusha pedali kwa mkono, gia zote, zikapita. Hata nikamwambia, shemeji, ukiwa kwenye gia ndogo utaiona inacheza kidogo na itakupigia kelele, usiiguse. Huo ulegevu ndio utakaoliwa na gia kubwa."

"Shahidi wako nani?"

"Yeye mwenyewe."

Sajenti alifuta pua. Shahidi alikuwa amelala na bomba puani. Alimwambia Fundi kwamba hana ugomvi naye, ila Alhamisi atampeleka mahakamani kwa uzembe uliojeruhi, na Mungu apishe mbali, mgonjwa akifa shauri litabadilika jina. Kitinda aliuliza litaitwaje. Hakujibiwa, na hilo lilimtosha.

Jioni, wakiwa wanakula, aliwasimulia wakwe zake aliyoyasikia. Alifanya hivyo kwa sababu hakuweza kukaa nayo peke yake. Alisema kosa la cheni ilikuwa ni ufupi.

Baba mkwe aliacha kutafuna. "Fupi?"

"Fupi, baba. Kwa pingili nne. Gia kubwa inataka cheni ndefu."

"Si kulegea?"

"Wanasema kulegea kwa gia ndogo si kosa. Ndivyo inavyotakiwa."

Mzee aliinuka akasema ndani kuna joto. Alikwenda kukaa nje karibu na pipa la maji na chakula chake kikapoa. Mama mkwe alisema hata huzuni za wanaume zina kudeka, mwenzake anakula chozi na bado anaosha vyombo. Kitinda aliosha vyombo.

Asubuhi ya Jumatano sajenti alikuja kukagua karakana ya Fundi. Ufunguo ulikuwa kwa Kitinda; kaka yake alimkabidhi siku aliyompelekea chakula, naye aliutundika kwenye msumari wa jikoni pamoja na funguo nyingine za nyumba. Alifungua mwenyewe. Karakana ilikuwa chumba kimoja, matairi yamening'inizwa juu, vifaa vimepangwa ukutani kila kimoja na kivuli chake kilichochorwa kwa rangi. Sajenti aliinama chini ya meza ya kazi, akatoka na kipande cha cheni. Pingili nne. Alikiinua kwenye mwanga, na uso wake haukufurahi.

"Dada, hiki ndicho kilichokuwa kimebaki," alisema.

Kitinda aliomba akishike. Sajenti alisita, akamwekea kiganjani. Kilipoondolewa kiliacha alama nyeusi, na ndani ya ule weusi kulikuwa na chembechembe za mchanga. Alizisugua kwa kidole. Kisha akaenda kwenye kopo ambalo kaka yake huweka mabaki ya cheni mpya, akatoa kipande kingine. Kilinata grisi ya kiwandani, rangi ya asali, safi.

"Kaka alikata cheni ikiwa mpya," alisema. "Angekikata siku ile, kingekuwa kama hiki. Hicho ulichoshika kimeshatembea barabarani."

Sajenti alivilinganisha kwa muda mrefu. Alikuwa mwadilifu, na uadilifu wake ulimuumiza Kitinda kuliko ubishi. Alisema ni kweli, kimetembea. Basi Kiberenge alirudi kwa shemeji yake baada ya siku chache kulalamika kelele, naye akaipunguza. Kwa nini isiwe hivyo?  Kitinda alifunga mlango, akausukuma mara mbili kuhakikisha, kama kwamba kulikuwa bado na kitu cha kulinda.

Mlinzi wa kiwanda cha mikate ndiye aliyempa Kitinda jina la mshukiwa mwingine. Alisema juma lililopita alimwona Kijiko amechuchumaa kwenye baiskeli ya Kiberenge, mikono nyuma ya gurudumu. Kijiko alikuwa mpeleka mikate mwenzake, mwembamba, kichwa kikubwa, na kwa muda mrefu aliitamani njia ya mlima kwa kuwa maduka ya juu yanachukua mikate mingi. Sasa alikuwa nayo. Kitinda alimkuta uani anapakia.

"Shemeji, pole," Kijiko alisema kabla hajasalimiwa. "Najua wanavyosema. Wanasema nimeurithi mlima. Mlima ule mtu anaurithi? Jana nimeupanda mpaka nikamwona marehemu babu yangu akinipungia mkono."

Kitinda alimuuliza alikuwa anafanya nini kwenye baiskeli ya mumewe. Utani ukamtoka Kijiko usoni. Alisema alikuwa anatia upepo kwa pampu yake, kwa sababu Kiberenge alivyo hodari wa miguu ndivyo alivyo mjinga wa mikono. Hata pancha hupeleka kwa shemeji yake. Angetaka kumuumiza asingehangaika na cheni, angemwekea tu mkate wa jana. Kisha akakaa juu ya kreti na kuegemeza mashavu kwenye ngumi.

"Nikwambie kitu kilichonisumbua. Tangu afungiwe zile gia, tulikuwa tunamsikia kabla hajafika. Kila shimo, cheni inagonga chuma, ta-ta-ta. Tukamwita mpiga marimba. Jumamosi jioni alipanda mlima na kushuka, ta-ta-ta, tunamcheka. Jumatatu alfajiri alikuja kuchukua mikate kimya kimya. Nikamuuliza, marimba umeuza? Akacheka, akasema baiskeli imepona. Hakusema imeponywa na nani."

Kitinda alimuuliza kama ana hakika na Jumamosi. Kijiko alisema hata mlinzi alimsikia.

Alitoka pale akitembea taratibu. Jumamosi jioni cheni ilikuwa ndefu. Jumatatu alfajiri ilikuwa fupi. Katikati kuna Jumapili moja tu, na Jumapili ile karakana ilikuwa imefungwa, kwa sababu yeye na Fundi walishinda kwa mama yao wakibadilisha bati lililovuja. Fundi juu, yeye chini akimshikia ngazi mpaka giza lilipoingia. Mama mkwe siku hiyo alikuwa kwa dada yake. Nyumbani alibaki Kiberenge, ambaye Jumapili hulala kama gogo, na mtu mwingine mmoja.

Hakutaka kulimaliza wazo hilo. Alikwenda kituoni, akaomba aione baiskeli, iliyokuwa imefungwa kwenye nguzo uani. Alipitisha cheni kwenye vidole, pingili baada ya pingili, taratibu kama mtu anayechambua mchele. Alikutana na kiungo cha kubana, kile anachotumia kaka yake kufungia cheni zote, kisichohitaji kugongwa. Akaendelea. Karibu na mwisho alipata pini ambayo haikufanana na wenzake. Kichwa chake kilikuwa kimepondwa kwa nyundo, kimetanuka.

Alikuwa ameviona vichwa kama hivyo kila siku tangu aolewe. Mpini wa ndoo, mguu wa kiti, mlango wa jiko lake la mkaa: kila kitu kilichovunjika nyumba ile kilitengenezwa kwa nyundo na mkono mmoja, na kila kimoja kilikuwa na kichwa kilichopondwa hivyo.

Alikaa chini kwenye saruji. Ndipo neno likamrudia. *Iliyolegea.* Siku ya kwanza, pale hospitali, mzee alisema cheni imelegea. Baiskeli ilikuwa tayari mikononi mwa polisi, cheni imekazana kama waya. Hakuna aliyemwambia kitu. Mtu asingeweza kusema ile cheni imelegea, isipokuwa aliyeiangalia ikiwa bado imelegea, akaichukia.

Sajenti alipomsikiliza hakuandika chochote.

"Unajua unachoniambia?"

"Najua."

"Huyo ni baba mkwe wako. Ndiyo nyumba unayokaa."

"Na yule mliyemfungia humo ni kaka yangu," Kitinda alisema. "Niambie wewe, afande, nifanye nini kingine."

Sajenti aliinuka. Alichukua kofia yake.

Walimkuta mzee uani, amekaa kwenye kigoda, anagonga soli ya kiatu cha mwanawe. Alisema mwanawe hawezi kuamka akakosa kiatu. Aliwakaribisha. Sajenti alikaa, akaweka kipande cha pingili nne juu ya goti lake mwenyewe. Mzee alikitazama, akaendelea kugonga. Nyundo ikakosa msumari.

Sajenti alianza mbali, kama kawaida ya kazi yake. Aliuliza Jumapili ilipitaje. Mzee alisema ilipita. Aliuliza kama aliigusa baiskeli. Mzee alisema aliifuta vumbi tu. Aliuliza funguo za nyumba hukaa wapi. Mzee alisema jikoni, kila mtu anajua. Kisha sajenti akamgeukia Kitinda, na Kitinda akaelewa kwamba swali lililobaki si la askari.

Alipiga magoti mbele ya mzee, si kwa kumlaumu. Ndivyo alivyozoea kuzungumza naye.

"Baba, cheni uliiona lini ikiwa imelegea?"

Mzee alifungua mdomo. Wakati huohuo lango lilisukumwa, na mama mkwe akaingia na kikapu cha nguo chafu za mgonjwa. Hakuna aliyekuwa amempangia kuwepo. Alisimama pale pale.

"Jibu," alimwambia mumewe. "Mtoto amekuuliza."

"Jumapili," mzee alisema.

Yakatoka yote, pole pole, macho yakiwa kwenye kiatu. Alisema aliamka akaiona baiskeli imeegemea ukuta, cheni inaning'inia. Maisha yake yote cheni iliyolegea ni cheni itakayoruka. Iliwahi kumruka yeye na maziwa yakamwagika barabara nzima. Aliona aibu kwamba mwanawe atapita mjini na cheni ya namna hiyo. Akaikunja pingili mbili kuipima, ikawa bado. Akakunja mbili nyingine, akazikata zote nne kwa pamoja, ikakaa vizuri, ikanyamaza. Kiberenge alipoamka alizunguka nayo uani, kwenye gia ndogo, akafurahi. Akamwambia, asante mzee wangu.

"Nilidhani nimemtengenezea," alisema. "Wallahi nilidhani nimemtengenezea. Hata pale hospitali nilidhani ni ule ulegevu. Sikujua mpaka huyu mwanangu alipotuambia tukiwa tunakula."

"Na hiki?" Sajenti aligusa kipande.

"Kilikuwa mfukoni mwangu. Nilichukua ufunguo alfajiri ya leo, nikaenda karakana, nikakiweka pale." Akaendelea kwa sauti ndogo zaidi. "Fundi ni kijana. Nilijiambia yeye atafungwa, atatoka, ataanza upya. Mimi nikiwa ndiye, nitarudi wapi? Mke wangu alishasema neno lake kwenye benchi. Nilimsikia."

Sajenti alisema kwamba kukaza cheni si jinai; hakuna sheria ya kumfunga baba aliyekosea akitaka kusaidia. Angesema usiku uleule aliojua, leo wangekuwa wanampa pole. Lakini kile kipande alikipeleka kwa miguu yake na kukiweka kwa mkono wake, ili mtu asiye na kosa afungwe. Kwa hilo itabidi waondoke pamoja.

Mama mkwe hakupiga kelele. Aliweka kikapu chini.

"Siku zote hizi nimemnyima binti huyu salamu," alimwambia mumewe, "na wewe ulikuwa umekaa hapo unakula."

Mzee alivaa viatu vyake. Kile cha mwanawe alikiweka juu ya kigoda, akakigeuza kisidondoke, akatangulia mbele ya sajenti.

Fundi aliachiwa jioni ileile. Alimkumbatia dada yake nje ya kituo akajaribu kutania kuhusu kunguni, ikashindikana. Aliuliza kama anaweza kwenda kumwona shemeji yake. Kitinda alisema muuguzi anaruhusu wawili tu, na mama mkwe ameshakaa. Fundi aliitikia kwa kichwa. Wote wawili walijua kwamba hata wangeruhusiwa kumi asingeingia bado.

Wodini, mama mkwe alimsogezea kiti, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Jumatatu. Walikaa pande mbili za kitanda. Mashine ililia kidogo, ikatulia. 

"Akiamka," mama mkwe alisema mwishowe, "wa kwanza kumuulizia atakuwa baba yake. Tangu mdogo yuko hivyo. Mimi sitaweza. Utamwambia wewe."

Kitinda alisema ndiyo, mama. Alimwangalia mumewe. Tangu siku ile ya mikate alikuwa akiyatazama macho yale yaliyofumbwa, akiyasihi yafumbuke, hata mara moja. Sasa kope ya kushoto ilitikisika, ikatikisika tena, naye akajikuta ameushika mkono wake na kuubana, bila kujua kama anamwita au anamwomba alale kidogo zaidi.